Kitambulisho, Alama ya Kidole na Ubaguzi wa Rangi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanahusu nini hasa?

Yanahusu kitu ambacho karibu kila mtu mzima anacho mfukoni au mkobani, yaani kitambulisho, pamoja na zana zinazokiwezesha kufanya kazi: wino wa alama za vidole, picha ndogo ya uso, daftari la masjala, kadi ya matundu na baadaye kompyuta. Zana hizo ni za kawaida mno hivi kwamba hakuna anayeziogopa anapopanga foleni kuzichukua. Hata hivyo, Nairobi, Sharpeville, Amsterdam na Kigali zilishuhudia zikitumika kuwatenga watu kwa rangi au kwa asili yao, na hatimaye kuwaua.

Kwa nini kitambulisho, wakati bunduki na panga ndivyo vilivyoua?

Kwa sababu bunduki haihitaji maelezo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuua, na anayeishika anajua hivyo. Kitambulisho kinatolewa na karani ambaye pengine hajawahi kumpiga mtu kofi, katika ofisi yenye benchi na dirisha dogo, kwa sababu zinazoonekana za busara: kodi, mishahara, usalama, takwimu. Swali linalostahili kujibiwa ni jinsi kazi hiyo ya mezani ilivyofikia kuwa hatua ya kwanza ya mauaji, na kwa nini ilifikia hapo katika nchi fulani na si katika nyingine zilizokuwa na kadi za aina hiyohiyo.

Desturi ya kumlazimisha mtu abebe uthibitisho wake ilianza lini?

Ni ya zamani kuliko picha na kuliko alama za vidole. Katika mji wa New York, sheria ya mwaka 1713 ilimkataza mtumwa Mweusi au Mhindi Mwekundu mwenye umri wa zaidi ya miaka 14 kutembea mitaani usiku bila kubeba taa au mshumaa uliowashwa, ili aonekane kwa urahisi. Taa ambayo nyumbani ilikuwa chombo cha kusomea au kupikia, barabarani ikawa alama ya utumwa. Huko Charleston, Carolina Kusini, watumwa waliokodishwa kwa watu wengine walivaa kibati cha shaba chenye namba, mwaka na aina ya kazi. Katika Rasi ya Tumaini Jema, tangazo la gavana Caledon la mwaka 1809 liliwataka Wakhoikhoi, wenyeji wa eneo hilo, wawe na makazi yaliyoandikishwa na wabebe pasi kila walipotoka wilaya moja kwenda nyingine. Mfumo wa pasi wa Afrika Kusini, ambao wengi huudhania kuwa ni ubunifu wa makaburu wa mwaka 1948, ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 130 walipoingia madarakani.

Je, alama za vidole zilianza kutumiwa na polisi wa Ulaya?

La. Zilianzia Bengal, nchini India, na kwa shughuli ya biashara. Mwaka 1858 ofisa Mwingereza aliyeitwa William Herschel alimtaka mkandarasi wa barabara, Rajyadhar Konai, abandike kiganja chake chenye wino kwenye mkataba ili asije akaukana. Mwishoni mwa karne hiyo Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, alianzisha mfumo wa kuainisha alama hizo ambao kazi yake kubwa ya hesabu ilifanywa na wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ulipewa jina la bosi wao. Idara ya polisi ya London iliupokea mwaka 1901. Kwa maneno mengine, raia wa Kiingereza alianza kuchukuliwa alama za vidole kwa njia iliyokwisha kujaribiwa kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kuikataa.

Henry alipelekwa pia Johannesburg kuunda upya polisi wakati wa vita vya Waingereza na makaburu. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilipotaka kila Mhindi ajiandikishe upya kwa alama za vidole vyote kumi, Mohandas Gandhi na wenzake walikutana tarehe 11 Septemba na kuapa kutotii. Tarehe 16 Agosti 1908, mbele ya Msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, vyeti zaidi ya 2,000 vilitumbukizwa ndani ya chungu kikubwa cha miguu mitatu, vikamiminiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Pengine huo ndio moto mkubwa wa kwanza wa vitambulisho katika bara letu, na haukuwa wa mwisho.

Kipande cha Kenya kilikuwa kitu gani?

Sheria ya Kuwaandikisha Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini vita vikachelewesha utekelezaji wake hadi mwaka 1919 na 1920. Ilimtaka kila mwanamume Mwafrika, kuanzia umri wa takribani miaka 16, abebe karatasi yenye jina lake, kabila lake, wilaya yake, alama zake za vidole, jina la mwajiri, tarehe aliyoanza kazi, mshahara aliolipwa na tarehe aliyoachishwa. Karatasi hiyo ilikunjwa na kuwekwa ndani ya kikasha kidogo cha bati, nacho kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wazee wengi wa Kikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na mfano huo haukuwa wa utani.

Ili kuelewa ukali wake, ni vizuri kutazama nafasi moja tu katika karatasi hiyo: pale ambapo mwajiri alitia saini ya kumruhusu mfanyakazi aondoke. Mlowezi aliyechukia kuachwa na kibarua wake hakuhitaji kumfunga wala kumpeleka mahakamani. Alikataa kutia saini, basi. Bila saini hiyo mtu hakuweza kuajiriwa kwingine, na alipokutwa njiani na askari alihesabiwa kuwa mtoro, na utoro kazini ulikuwa kosa la jinai. Nakala ya taarifa zake ilikuwa Nairobi katika masjala kuu, kwa hiyo kutupa kikasha na kubadili jina hakukusaidia sana, kwa kuwa vidole vilibaki vilevile. Mshahara uliokwisha kuandikwa nao uliganda: mwajiri mpya aliusoma kabla ya kutaja wake, na mara chache aliona sababu ya kuuzidisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba kipande kilikuwa tu njia ya kuhesabu watu. Serikali inayotaka kuhesabu watu huhesabu watu wote. Kipande kilihesabu vibarua wa rangi moja, kwa ajili ya waajiri wa rangi nyingine.

Kwa nini watu waliuawa Nairobi mwaka 1922?

Harry Thuku, karani wa simu katika Hazina ya serikali, aliongoza Jumuiya ya Afrika Mashariki kupinga kodi, kupunguzwa kwa mishahara, kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi, na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Viongozi wa msafara walikuwa karibu kuwatuliza watu ili watawanyike, ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipoinua nguo yake mbele ya wanaume na kuwaambia wachukue gauni lake nao wampe suruali zao kama wanaogopa kumtoa kiongozi wao. Katika mila za Kikuyu hiyo ni laana nzito. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Mashahidi wa Kiafrika walitaja idadi kubwa zaidi kwa mbali. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kushtakiwa.

Je, walowezi wenyewe walibeba kipande?

Hawakubeba kwa zaidi ya robo karne. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilipitisha sheria mpya ya mwaka 1947 iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe na wachukuliwe alama za vidole. Walowezi waliokuwa wameutetea mfumo huo kwa miaka yote hiyo kuwa hauna madhara yoyote, ghafla wakagundua kwamba kuchovya vidole katika wino ni fedheha inayomstahili mhalifu. Malalamiko yao yalikuwa makubwa kiasi cha kuundiwa tume, na mwisho wake ukawa kwamba mtu aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aliruhusiwa kutumia picha na saini badala ya alama za vidole. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo kuhusu jinsi wao wenyewe walivyokielewa kipande tangu mwanzo.

Vitambulisho vilitumikaje wakati wa vita vya Mau Mau?

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, zana zilikuwa tayari zipo. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako uliopewa jina la Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakatenganishwa na watu wa makabila mengine kwa kutumia karatasi zao, kisha wakapitishwa mbele ya watambuzi waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho, ambao kutikisa kwao kichwa kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Baada ya hapo watu wa makabila hayo matatu walitakiwa kubeba vitabu vya pasi vya pekee.

Linalonishangaza katika msako huo ni kuona teknolojia mbili zikikaa pamoja bila mgongano: masjala ya kisasa yenye alama za vidole kwa upande mmoja, na gunia kwa upande mwingine. Karatasi ilieleza kabila la mtu, lakini haikuweza kusema alikula kiapo cha Mau Mau au hakula, kwa hiyo kazi iliyobaki ikafanywa na mtu asiyeonekana uso na asiyeweza kuhojiwa.

Tanganyika nayo ilikuwa na mfumo kama huo?

Kilikuwapo kitu kinachofanana nacho, ingawa hakikuwa kilekile. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ulianzisha kadi ya kazi iliyomtaka mwanamume amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Katika mashamba ya mkonge wakati wa Waingereza, kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi kabla ya malipo. Kulikuwa na unyonyaji wa kutosha humo, lakini kadi hiyo haikuunganishwa na masjala ya alama za vidole ya nchi nzima kama Kenya.

Ni kweli kwamba penseli ilitumika kuamua rangi ya mtu Afrika Kusini?

Ni kweli. Sheria ya Kuwaandikisha Watu ya mwaka 1950 ilitaka kila mkazi aingizwe katika daftari kwa rangi yake, na pale ambapo sura ya mtu ilimtatiza karani, penseli ilichomekwa kwenye nywele zake. Ikianguka, alihesabiwa Mzungu au alikaribia kuhesabiwa hivyo. Ikikwama, alishushwa daraja. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutoka ofisini wakiwa na rangi mbili tofauti za kisheria, na kwa hiyo na mitaa miwili tofauti ya kuishi, shule mbili tofauti na haki mbili tofauti za kuoa.

Miaka miwili baadaye ikaja sheria ambayo jina lake lilidai kufuta pasi. Kwa hakika ilikusanya pasi zote za zamani katika kitabu kimoja chenye picha, alama za vidole, risiti za kodi na saini ya mwajiri iliyotiwa kila mwezi. Watu walikiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Mwafrika aliyekutwa mjini bila kitabu hicho alikamatwa, na kwa miaka mingi waliokamatwa kwa kosa hilo walikuwa mamia ya maelfu kila mwaka. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria kukataa kubebeshwa kitabu hicho. Tarehe 21 Machi 1960, kwa wito wa chama cha PAC kilichoongozwa na Robert Sobukwe, watu waliacha vitabu vyao nyumbani na kwenda vituo vya polisi kujitoa wakamatwe. Huko Sharpeville polisi walifyatua risasi na kuua watu 69 kwa hesabu rasmi, wengi wao wakipigwa mgongoni walipokuwa wakikimbia. Siku chache baadaye Albert Luthuli, kiongozi wa ANC, alichoma pasi yake hadharani.

Kampuni ya Polaroid ilihusika vipi?

Kwa kamera. Polaroid ilikuwa na mtambo ulioitwa ID-2, uliotoa kitambulisho chenye picha katika muda wa dakika chache, jambo lililofaa sana nchi iliyohitaji kupiga picha mamilioni ya watu wasiotaka kupigwa picha. Mwaka 1970 Caroline Hunter, mkemia kijana Mweusi aliyefanya kazi katika kampuni hiyo huko Cambridge, Massachusetts, alikuwa akitoka kwenda kula chakula cha mchana pamoja na mpigapicha Ken Williams walipoona ubaoni mfano wa kitambulisho chenye picha ya mfanyakazi mwenzao Mweusi na maneno ya idara ya migodi ya Afrika Kusini. Walikuwa hawajui kwamba kampuni yao inafanya biashara huko. Wakaanza kuuliza, kisha wakaanzisha vuguvugu la wafanyakazi lililotaka kampuni iondoke.

Kampuni ilijibu kwamba haiuzii serikali moja kwa moja, na kwamba itabaki ili kuboresha mishahara na elimu ya wafanyakazi Weusi wa wakala wake wa Afrika Kusini. Hunter alifukuzwa kazi mwaka 1971. Mwaka 1977 gazeti moja la Boston lilifichua kwamba wakala huyo alikuwa akiiuzia serikali filamu kwa siri kinyume cha ahadi, na Polaroid ikavunja mkataba na kuondoka nchini. Sheria za pasi zilidumu hadi mwaka 1986.

Kisa hiki hunukuliwa sana kwa sababu kinampa msomaji shujaa, nacho kinastahili. Lakini ndani yake lipo pia jibu la kampuni la mwaka 1970, ambalo limekuwa likirudiwa tangu wakati huo na wauzaji wa teknolojia wa kila aina: sisi tuliuza kamera tu, matumizi ni ya mteja.

Mashine za kadi za matundu zilifanya nini Ujerumani?

Mmarekani Herman Hollerith alizibuni ili zisome na kuhesabu matundu yaliyotobolewa kwenye kadi, kwa ajili ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kampuni iliyotokana na kazi yake ikawa IBM, na tawi lake la Ujerumani liliitwa Dehomag. Adolf Hitler alipoitisha sensa mwezi Juni 1933, Dehomag ndiyo iliyochakata taarifa za Prussia. Makarani walitoboa kadi kwa kufuata msimbo: katika safu ya 22 tundu la kwanza lilikuwa Mprotestanti, la pili Mkatoliki, la tatu Myahudi. Sensa ya Mei 1939 ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa iliambatana na kadi ya nyongeza iliyomtaka kila mtu aeleze kama kila mmoja wa mababu na mabibi zake wanne alikuwa Myahudi kwa damu. Kadi hiyo iliwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kama siri kati ya raia na serikali yake.

Msomaji asidhani kwamba mashine ndiyo iliyowatafuta Wayahudi wote mmoja mmoja. Orodha za masinagogi, madaftari ya polisi na majirani wenye midomo mirefu vilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tangu Oktoba 1938 pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zilipigwa muhuri mwekundu wa herufi J, baada ya mazungumzo na serikali ya Uswisi iliyotaka kuwatambua mpakani, na muhuri hauhitaji mashine.

Kwa nini Uholanzi hutajwa zaidi kuliko nchi nyingine za Ulaya Magharibi?

Kwa sababu Wayahudi wapatao 140,000 waliishi humo na takribani 102,000 kati yao waliuawa, yaani robo tatu, wakati nchini Ufaransa waliouawa walikuwa kama robo. Sababu ni nyingi: nchi tambarare isiyo na misitu ya kujificha, utawala wa kiraia wa Kinazi, utiifu wa watumishi wa serikali. Lakini mojawapo ni mtu aitwaye Jacob Lentz, mkuu wa ukaguzi wa madaftari ya wakazi, aliyependa kazi yake kupita kiasi. Kabla ya uvamizi alikuwa amebuni kitambulisho kisichoghushika, na serikali ya Uholanzi ikakikataa kwa hoja kwamba kumlazimisha raia abebe kadi ni kumfanya mshukiwa. Wajerumani walipoingia mwaka 1940 wakakipenda. Kilikuwa na picha, alama ya kidole na karatasi yenye chapa ya maji, na kadi za Wayahudi zikapigwa herufi J. Lentz hakuwa mwanachama wa chama cha Kinazi. Baada ya vita alifungwa miaka mitatu.

Je, hakuna makarani waliokataa?

Walikuwapo. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 kundi lililoongozwa na msanii Willem Arondeus na mchongaji Gerrit van der Veen liliingia katika masjala ya wakazi ya Amsterdam likiwa limevaa sare za polisi, likawalevya walinzi kwa sindano, likamwaga kadi sakafuni na kulipua jengo. Wazimamoto waliokuwa wanaelewa jambo hilo walichelewa kufika, kisha wakamwaga maji mengi kuliko yaliyohitajika ili karatasi zilizobaki ziharibike. Sehemu ndogo tu ya kadi iliangamia, labda asilimia 15, na watu 12 walipigwa risasi tarehe 1 Julai. Ufaransa alikuwapo René Carmille, mkuu wa idara ya takwimu, aliyezitumia mashine zake kuandaa jeshi la siri na kuchelewesha orodha. Alikamatwa Lyon mwezi Februari 1944 na kufa katika kambi ya Dachau mwezi Januari 1945. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha ucheleweshaji huo kilikuwa cha makusudi.

Kadi za Rwanda zilianza vipi?

Utawala wa Kibelgiji ulianza kuwaandikisha Wanyarwanda kwa makundi ya Hutu, Tutsi na Twa katika sensa ya mwaka 1933 na 1934, kisha ukatoa kadi. Husimuliwa mara nyingi kwamba mwenye ng'ombe kumi au zaidi aliandikwa Mtutsi. Wanahistoria wengi hawaikubali simulizi hiyo kuwa kanuni ya jumla, na inaelekea kwamba watu waliandikwa zaidi kwa maelezo yao wenyewe na kwa taarifa za makanisa. Lililo hakika ni matokeo yake: hali iliyokuwa ikibadilika kwa ndoa, mali au ukaribu na mwami, yaani mfalme, iliganda, na mtoto akarithi kundi la baba yake.

Uhuru haukukifuta kipengele cha kundi katika kadi. Hata kabla yake, Ilani ya Wahutu ya mwaka 1957 ilikuwa imepinga waziwazi kuondolewa kwa maneno hayo katika vitambulisho, kwa hoja kwamba bila hayo isingewezekana kuonyesha kwa takwimu ukosefu wa usawa. Hoja hiyo hiyo inatolewa kwa nia njema katika nchi nyingi mpaka leo, na haipaswi kudharauliwa. Ugumu wake ni kwamba takwimu zinaweza kukusanywa bila kumbebesha kila mtu jibu lake mfukoni.

Kadi ya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa karatasi iliyokunjwa, yenye picha, na humo kipengele cha kwanza kilikuwa Ubwoko, yaani kabila, kikifuatiwa na maneno manne yaliyochapwa tayari: Hutu, Tutsi, Twa, Naturalisé (yaani mgeni aliyepewa uraia). Karani alichukua kalamu akakata matatu, akaacha moja.

Je, ni sahihi kusema kwamba kadi ndizo zilizowaua Watutsi mwaka 1994?

Si sahihi. Vijijini watu waliuawa na majirani waliowajua kwa majina na waliowahi kuwabebea watoto, na hakuna aliyeomba karatasi. Kadi ilikuwa na nguvu kwenye vizuizi vya barabarani, hasa Kigali na njia za kutoka humo, ambako wenye mapanga hawakuwafahamu wapitao. Hapo kadi ilisomwa kwa sekunde chache. Aliyesema ameipoteza alishukiwa kuwa Mtutsi, na Mhutu mwenye sura iliyodhaniwa kuwa ya Kitutsi aliweza kufa kwa kuiacha nyumbani. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwahimiza wasikilizaji wakae vizuizini na kukagua wapitao, kwa hiyo redio ya mfukoni na karatasi ya mfukoni zilifanya kazi pamoja.

La kusikitisha ni kwamba kipengele cha ubwoko kilikuwa kimekwisha kuhukumiwa kufa. Rais Habyarimana alitangaza mwaka 1990 kwamba kitaondolewa, na Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 ukaagiza serikali ya mpito iache kuandika kabila katika nyaraka zote rasmi. Serikali hiyo haikupata kuundwa kikamilifu. Mauaji yalianza Aprili 1994, na katika muda wa siku 100 hivi watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameuawa. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja.

Kadi zilirudi Arusha kwa njia nyingine. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre, yaani meya, wa Taba, majaji walilazimika kueleza ni vipi Watutsi walikuwa kundi linalolindwa na sheria ya mauaji ya kimbari ilhali walikuwa na lugha na utamaduni mmoja na Wahutu. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba kila raia alibebeshwa kadi iliyotaja ubwoko wake. Vitambulisho vya Rwanda vya leo havina kipengele hicho.

Je, demokrasia zina kinga dhidi ya jambo hili?

Baada ya Wajapani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor mwaka 1941, ofisi ya sensa ya Marekani ilitoa takwimu za mwaka 1940 zilizoonyesha, mtaa kwa mtaa, mahali walipoishi watu wenye asili ya Kijapani, na zaidi ya watu 110,000, wengi wao raia, wakafungwa makambini. Sheria iliyolinda siri za sensa ililegezwa na bunge mwaka 1942. Mkuu wa ofisi hiyo aliomba radhi mwaka 2000.

Na vitambulisho vya kidijitali vya sasa?

Nchini Kenya, Wanubi na Wasomali wamelalamika kwa miongo mingi kwamba kijana wao alitakiwa kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kadi ambayo jirani yake wa kabila jingine aliichukua bila maswali, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walibaguliwa kwa kufanyiwa uhakiki wa pekee na kupewa kadi za rangi ya waridi. Huduma Namba, mpango wa kitambulisho cha kidijitali, ulipoanzishwa, jumuiya za Wanubi zilikwenda Mahakama Kuu, ambayo Januari 2020 ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na taarifa za mahali mtu anapoishi kwa satelaiti, na kutaka kanuni kamili za ulinzi zitungwe kwanza. Hatari hapa ina sura nyingine: mtu haandikwi asichokitaka, bali anakosa kuandikwa kabisa, na bila kadi hapati laini ya simu, akaunti ya benki wala kazi.

Kuna kampuni au serikali yoyote iliyowajibishwa mahakamani kwa ajili ya vitambulisho?

Kwa nadra sana. Wahanga wa Afrika Kusini waliishtaki IBM nchini Marekani kwa madai kwamba ilitoa mitambo ya kuandikisha watu iliyosaidia kuwavua Weusi uraia wao. Mahakama za New York ziliitupa kesi hiyo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka 2016. Shirika la Waroma, jamii iliyouawa pia na Wanazi, liliishtaki IBM mjini Geneva kuhusu kadi za matundu, na mwaka 2006 mahakama ya juu ya Uswisi ikasema muda wa kudai umepita. Serikali ya Uingereza ilikubali mwaka 2013 kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyoyapata wakati wa Hali ya Hatari. Malipo hayo yalihusu mateso ya wakati huo, na hayakuwagusa wanaume waliovaa vikasha vya bati shingoni tangu mwaka 1920.